Fimbo ya Pazia Ndani ya Injini

Fundi wa mtaa wa Kikula alimkatisha baba tamaa kuhusu injini ya gari lake. "Citoyen, moteur imekwisha. Iko nakunywa mafuta sana. Uzisha tu." Lile gari kuukuu baba alilitamani miaka yote aliyofanya kazi kiwandani, akalinunua alipostaafu. Alirudi nyumbani, na kesho yake akapatana na mnunuzi aje Jumamosi.

Mimi sikukubali. Kazi yangu ilikuwa kupima, katika maabara ya kiwanda, na mpimaji haamini mdomo wa mtu. Kila asubuhi baba alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini, akaona yamepungua, akaongeza, na moshi ukazidi. Nilipoushika mrija kinamopita kile kijiti, ulicheza kama jino la mtoto. Ulikuwa umepasuka chini na kupanda juu vidole viwili, kijiti nacho kikapanda nao, hakiyafikii mafuta. Kumbe injini ilikuwa imejaa kupita kiasi! Nilicheka, kisha nikakasirika.

"Papa, moteur haina mubaya. Kipimo ndiyo iko nabongopa."

"Weye mwanamuke, unajua nini ya moteur?"

Mrija mpya haukupatikana mjini. Bomba la shaba la kiwandani? Walinzi wa lango la kiwanda wangenipekua hadi ndani ya nywele. Nikang'oa fimbo ya pazia sebuleni, bomba jembamba la chuma, mama akapiga kelele zake zote. Nililijaza mchanga lisibonyee, nikalipinda taratibu, nikalilinganisha na mrija wa zamani mara tatu, nikalikata. Kisha nikaligongea mahali pake mpaka likakaza kabisa. Mafuta ya ziada niliyamwaga nusu ndoo. Baba aliitazama ndoo, akanitazama mimi, akaenda kuvaa abacost yake, ile suti ya heshima.

Jumamosi injini ilinguruma bila moshi hata kidogo. Nilijiona mkubwa kuliko mainjinia wote wa Likasi! Mnunuzi alilizunguka gari akitabasamu, akanyoosha mkono.

"Papa, sasa iko muzuri kabisa. Leta funguo, naenda nayo."

Nilijua gari limekwenda, maana baba hakuwa mtu wa kuvunja neno lake.

"Citoyen," baba akasema, "minye nilikuuzishia motokari ya kufa. Ile haiko tena. Hii iko muzima, na mwenyewe ni ule pale. Omba yeye."

Akanionyesha kwa kidevu, na mikono yangu bado myeusi kwa mafuta. Nikasema hapana, mtaa mzima ukasikia.