Mwiko Kwenye Bomba

Wiki iliyopita, kwenye boti ya Mwingereza mmoja itokayo Liuli kwenda Mbamba Bay, nilimwona fundi wa mashine akiazima mwiko wa ugali kwa mama mmoja abiria. Aliukita kwenye kona ya bomba linalovuta maji ya ziwa ya kupozea mashine, akatega sikio kwenye mpini, akafumba macho.

"Unasikiliza nini, baba?" mama akauliza.

"Mchanga. Tukipita karibu na ufukwe bomba linaunyonya, nao unalila kwa ndani. Hapa kwenye kona limebaki kama ganda la yai."

"Mbona juzi tumelipaka rangi?" nahodha, yule Mwingereza mwenyewe, akafoka.

"Rangi iko nje, Bwana. Likitoboka, maji yatatujia humu humu."

"Basi tuelekee ufukweni!"

"Ufukweni ndiko kwenye mchanga."

Mwiko ukapita mkono kwa mkono, kila abiria akisikiliza bombani kisha akimpa mwenzake. Mimi nilisikia kama mtu anayetafuna wali wenye changarawe.

Tulifika salama, na nahodha akaagiza rangi nyingine. Fundi alipomrudishia mama mwiko wake, mama aliusukuma umrudie kwa viganja viwili.

"Kaa nao, baba. Kesho kutwa narudi na boti hii hii."