Mstari wa Kushoto

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa fundi redio pale Mtoni, kwenye kibanda cha mabati kilichotazamana na Barabara ya Kilwa. Mie niliishia darasa la saba, na kila ninachokijua cha umeme mdogo nilifundishwa naye. Kwa hiyo nikieleza vibaya hapa, kosa ni langu, si la mwalimu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa mlango. Redio mbovu za ng'ambo zilikuwa zinakuja kwa marundo kutoka Kurasini, nasi tunazichinja na kutoa vile vitaa vidogo vyekundu ambavyo siku hizi kila mtu anaviita LED. Muuza kaseti, jirani yetu wa upande wa pili wa barabara, akataka ubao wa kuning'iniza dukani, upana wa meza: mistari mitano ya vitaa iliyosimama wima, kila mmoja umeremete kwa sauti yake, wa besi huku, wa kinanda kule.

Ubao ulitusumbua toka mwanzo. Mstari wa tatu ukiuwasha peke yake unang'aa, ukiuwasha na wenzake unazimia. Mie nilishabadilisha transista bila hakika yoyote. Shemeji akaushika waya wa hasi kwa vidole, akacheka.

"Mistari yote mitano inarudi kwa huu uzi wa kushonea? Shemeji, unataka watu watano wapite mlango wa kuku?"

Tukaweka waya mnene, ukapona. Naanza na hilo makusudi, ijulikane kwamba alikuwa anakamata kosa upesi kuliko mtu yeyote niliyefanya naye kazi.

Kisha akasema mstari wa kushoto umefifia. Mie niliuona sawa. Kibandani kupima mwanga kulikuwa na sheria yake: usikimbize macho taa kwa taa, utadanganywa na ile ya mwisho kuiona, kaza macho mstari wa kati, uone yote kwa mpigo. Nikakaza. Sawa. Nikaleta mita, nayo ikasema sawa.

"Mita hiyo betri imechoka," akasema.

Nikaona heri tuwe tumekosea mita na mie, kuliko yeye. Nikapunguza rezista ya mstari ule, ung'ae zaidi. "Bado." Nikapunguza tena. Hapo ndipo akaridhika.

Muuza kaseti alipokuja kuutazama aliziba uso kwa kiganja. "Nyie mafundi, huu wa pembeni mmeuwekea jua? Wateja wangu watakuja na miwani!"

"Wewe uza kaseti, braza. Mambo ya mwanga waachie wenye macho."

Tukacheka wote watatu. Jamaa hakuwa na ubaya. Alisema alichokiona, na alikiona sawasawa.

Alipoondoka nikarudisha rezista ya kwanza. Shemeji alinifundishaga hivi: usipojua kosa liko wapi, badilisha vitu mahali. Ugonjwa ukihama, ni wa kifaa. Ukibaki, ni wa mahali. Nikazibadilisha mahali transista za mwisho huku na mwisho kule. "Bado wa kushoto," akasema. Basi alipoinamia chai yake nikaugeuza ubao mzima juu chini, mstari uliokuwa kushoto ukaenda kulia.

"Sasa, shemeji?"

Akakaza macho katikati. "Si nilikwambia? Wa kushoto umefifia. Wa kulia safi kabisa."

Nilikuwa na pasi ya kuchomea mkononi, sikujua niiweke wapi.

"Umefanya nini?"

"Nimeugeuza, shemeji."

"Wote?"

"Wote."

Kisha, macho bado yako katikati, akainua mkono wa kushoto usawa wa sikio, akausogeza mbele polepole, akitingisha vidole. Mkono ulikuja mbele sana.

"Hapa," akasema. "Hapa ndo nauona."

Dada alisema siku nyingi mumewe alikuwa anaangusha vikombe vya upande ule, naye anamgombeza kwa uzembe. Siwezi kumlaumu, hata mie nilikuwaga nacheka. Hospitali wakasema ni presha ya macho: kilichokwenda hakirudi, dawa ya matone pengine itashikilia kilichobaki. Kama tungewahi ingekuwaje, sijui, na nisiseme nisilolijua.

Siku ya kuuwasha ubao dukani alisimama kibarazani. Mistari ikaanza kucheza. Hakuitazama, alinitazama mie.

"Iko sawa?"

"Iko sawa."

"Hata wa kushoto?"

"Hata wa kushoto, shemeji."

Akamgeukia muuza kaseti. "Amepima yeye," akasema. "Ukiwa na neno, mwambie yeye."

Wakati wa kuvuka barabara kurudi kibandani nikahamia kushoto kwake. Nilitegemea anitanie, aseme namsindikiza kama bibi harusi. Alinishika kiwiko, tukangoja magari yapite.