Kidole Changu Kwenye Midomo ya Mwanangu

Ndugu yangu unayesoma, kosa hili ni langu peke yangu. Hakunishauri mtu, wala hakunituma mtu. Nimelibeba tangu nikiwa kijana wa suruali zilizonyooshwa kwa pasi ya mkaa, na leo meno yameniisha kinywani bado ninalo. Nisikilize tu. Kujihukumu nimekwisha kujihukumu.

Mwishoni mwa miaka ya sitini nilikuwa karani wa ghala la korosho, Mtwara mjini. Mimi ni Myao wa upande wa Masasi, na nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne, jambo lililomfanya mtu siku zile atembee kifua mbele. Nilipanga nyumba Chikongola pamoja na mke wangu. Yeye na mama yake walikuwa wamevuka Ruvuma vita vya Msumbiji vilipochacha. Watu wa mjini waliwaita Wamawia, na wengine walilitamka neno hilo kama wanatema ganda.

Mkwe wangu alikaa nasi. Alikuwa mama mfupi, mkimya, na kwenye mdomo wa juu alivaa ndonya, kile kipande cha mti walichovaa akina mama wa zamani. Mke wangu alikuwa akienda kibarua cha kubangua korosho, kwa hiyo binti yetu wa kwanza alikulia mgongoni mwa bibi yake.

Mtoto yule alipoanza kusema, alisema vyote kwa pamoja! Kimawia cha bibi, Kiswahili cha uani, Kimakua cha jirani yetu mtwanga mtama. Na Kikachi! Alikiokota dukani kwa Mhindi wa kona. Alikuwa akisimama pale, kichwa hakijafika mezani, anamwamkia mwenye duka kwa lugha yake, na yule mzee anacheka hadi machozi, anampa kipande cha sukari guru.

Kisha anarudi nyumbani mashavu yananata. Anamsimulia bibi yake kwa Kimawia, halafu ananigeukia na kuanza upya kwa Kiswahili, kwa sababu alijua mimi ile nyingine siisikii. Mtoto ambaye bado analowesha mkeka! Nani alimfundisha kwamba kila mtu ana mlango wake wa kubisha?

Ningekufa siku zile, ningekufa tajiri.

Nilikuwa na rafiki tuliyefanya kazi pamoja ghalani, Mmakonde wa Newala, mtu wa mizani. Wamakonde na Wayao ni watani tangu enzi. Mtani akikutukana huna ruhusa ya kununa. Unamrudishia lako, mnacheka, mnakula. Jumapili moja alikuja nyumbani. Binti yangu akamkimbilia, akammwagia Kimawia kama maji ya mtungi. Mtani wangu akapiga paja.

"Karani! Kumbe umezaa Mmawia! Subiri akue, atatoboa mdomo atie ndonya, aje ofisini kukuamkia mbele ya meneja."

Uani kote wakaangua kicheko. Nami nikacheka, ndiyo desturi. Lakini moyoni nilikuwa naungua. Badala ya kumrudishia utani wake nikaenda kulala nao, na asubuhi nikaufanya sheria.

Nikatangaza kwamba ndani ya nyumba yangu ni Kiswahili tu, mpaka mtoto afike umri wa shule nimwongezee Kiingereza. Mkwe wangu Kiswahili chake kilikuwa maji, chumvi na asante. Hakuelewa nilichosema. Mke wangu akamfasiria kwa sauti ya chini, naye akaitikia kwa kichwa, akachukua ufagio akaenda kufagia uwanja ambao alikuwa amekwisha kuufagia.

Mtoto akisahau, nilimgonga midomo kwa kidole. Si kwa nguvu, nilijiambia. Mwanzoni alinitazama kwa mshangao tu. Baadaye akawa analia. Baadaye akaacha kulia. Mwisho ikawa neno la bibi likimponyoka, anafunika mdomo mwenyewe kwa viganja vyote viwili, kabla sijanyanyua mkono.

Nikajisifu! Nikamwambia mke wangu, "Unaona? Ameshika."

"Ameshika," alisema, akaendelea kupepeta mchele wake.

Ikafika mahali nikitoka kazini nasikia maneno yanabubujika uani, na viatu vyangu vikisikika getini, kimya. Hata yule mwenye duka aliniuliza kama mtoto anaumwa, maana siku hizi akija anaonyesha kitu kwa kidole tu. Nilikuwa nataka mtoto wa Kiswahili safi, nikapata mtoto asiyesema.

Mkwe wangu alifunga mzigo wake akahamia Mpapura, kwa ndugu zake waliokuwa na mikorosho na mihogo. Hakunilaumu. Au labda alinilaumu. Ningejuaje?

Binti yangu alikuwa hajatimiza miaka minne habari ilipotufikia kwamba bibi yuko hoi. Tukapanda lori, mimi, mke wangu, mtoto, na yule mtani wangu aliyesema mama mkwe wa mtani ni mama yake pia.

Sasa hapa nielewe. Katika ukoo wa mke wangu, jina la mjukuu hutoka kwa bibi. Binti yangu aliitwa kwa jina la huyu huyu mama. Bibi akiona safari yake imekaribia, humpaka mjukuu unga wa mtama kwenye paji la uso, humwita kwa jina lile, na mjukuu huitika kwa lugha ya nyumbani. Akiitika, jina limekabidhiwa. Asipoitika, mwenye jina huondoka nalo.

Mke wangu alinieleza haya yote ndani ya lori. Nilikuwa najua!

Chumba kilijaa ndugu. Mkono wa bibi ulikuwa umekwisha nguvu, dada yake akausaidia hadi kwenye paji la mtoto. Unga ukamwangukia kwenye nyusi. Bibi akamwita.

Mtoto akanyanyua macho akanitafuta mimi. Akafunika mdomo kwa viganja vyote viwili.

Bibi akamwita tena, kwa sauti ya kubembeleza. Mtoto hakuondoa macho usoni pangu. Alikuwa anangoja ruhusa. Nilihitaji kumkubalia kwa kichwa tu! Lakini watu wote walikuwa wamegeuka kunitazama, pamoja na mtani wangu, na mimi karani mzima niliona haya waelewe sheria ya nyumbani kwangu. Nikatazama chini.

Nilipopata akili nikamwambia, "Itika, mama, itika." Bibi alikuwa amekwisha kugeukia ukutani. Jioni ile akafariki.

Watani ndio huchimba kaburi, na kwa kawaida huchimba wakitania. Siku ile mtani wangu alichimba kimya. Alipomaliza alikuja kusimama karibu yangu, jembe begani.

"Nilikuwa nakutania wewe," alisema. "Mtoto nilimtania lini?"

Hakunitania tena mpaka alipokufa.

Jina lile lilizikwa. Ndugu za mke wangu hawakumwita binti yangu kwa jina hilo tena; lililobaki ni la Kiswahili nililompa mimi. Mke wangu aliishi nami, akanizalia wengine, akanizikia madeni mengi ya moyo bila kuyataja. Lakini hakuna mtoto wetu aliyewahi kumsikia akisimulia hadithi.

Binti yangu sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu. Anasema Kiswahili kizuri kama cha redioni, na hakuna kingine. Akicheka hufunika mdomo kwa viganja viwili. Wenzake wanadhani ni haya ya kike. Mwaka uliopita aliniuliza, "Baba, ni kweli nilikuwa najua Kimawia?" Nikamwambia ni kweli. Akacheka, akafunika mdomo.

Wewe mwenye mtoto mdogo nyumbani, anayechanganya maneno ya bibi na ya mtaani, mwache. Watu wakicheka, cheka nao uishie hapo. Na siku mkono utakapokuwasha, uutumie kufunika mdomo wako mwenyewe.