Pasi Anajibu Maswali

Mdogo wangu anapiga pasi mashuka ya hospitali. Chumba chao kina joto la tanuri, na mvuke umemlainisha viganja kama vya mtoto mchanga. Kazini wanamwita Pasi, na kwa jina hilohilo aliingia kwenye mchezo wa simu.

Mchezo wenyewe ni wa kumsaka mwizi. Watu wasiojuana wanakutana mtandaoni, mmoja wao anapewa kwa siri kazi ya wizi, wengine wanahojiana mpaka wamtoe kwa kura. Kabla ya kuanza, msimamizi huuliza maswali ya kufahamiana: unaogopa nini, leo umekula nini. Wote wanajibu kwa kuandika.

Mdogo wangu hakufuata mchezo. Alimfuata binti yake. Mwanetu huyo aliondoka nyumbani siku alipomweleza mama yake mambo aliyokuwa akitendewa na baba wa kambo, na mdogo wangu akamjibu, "Mwongo mkubwa wewe, unataka kunivunjia ndoa." Ndoa ilikuja kuvunjika yenyewe. Mama alipompigia binti, hakumpata tena. Binti yangu mimi ndiye aliyemnong'oneza mama yake mdogo kwamba mwenzake hucheza humo kila jioni, anajiita Sindano.

Basi akawa akitoka kazini anakuja kwangu, anaketi jikoni na simu yake. Sindano akiandika anaogopa mbwa, mdogo wangu anacheka peke yake: "Dada, mpaka leo anaogopa mbwa!" Sindano akiandika ameng'olewa jino, mama yake chakula hakimshuki.

"Si umwambie kuwa ni wewe?" nilimuuliza.

"Nikimwambia atakimbia. Niache nimsome tu, dada yangu."

Nilikuwa namwombea, ila sikujua niombe kitu gani.

Jioni moja msimamizi akauliza: taja kitu kisicho na faida ambacho huwezi kukitupa. Pasi akaandika, "Kiatu cha shule, cha kushoto tu."

Wakamrukia.

"Mwizi huyo! Nani anatunza kiatu kimoja?"

"Au bibi ana mguu mmoja?"

"Pasi, leo umeshikwa. Mtoeni!"

Kama angetolewa, asingeweza kusoma majibu ya Sindano. Nikamwona anaandika mbiombio, kabla sijamzuia: "Mungu ni shahidi yangu, ni kweli. Ni cha mwanangu. Cha kulia kilitumbukia chooni, akalia mpaka marehemu baba yake akambeba mgongoni hadi shule."

Halafu Sindano akaandika: "Anasema kweli. Mimi namwamini."

Chini yake pakatokea maneno: Sindano ameondoka.

"Kumbe mwizi ni Sindano, katoka mbio!" mmoja akaandika, wakacheka. Mdogo wangu akaandika mwanangu, akaandika nisamehe. Msimamizi akamwonya asiharibu mchezo.

Sindano hajarudi. Hata binti yangu sasa akimpigia hapati. Mdogo wangu bado anaingia kila jioni, anasoma majibu ya wageni. Juzi wakamuuliza ana watoto wangapi. Aliikodolea simu macho mpaka muda wake ukaisha, wakamtoa.

Zamani ningemwambia Mungu yupo. Yupo, najua. Safari hii nilimwondolea simu mkononi, tukakaa hivyohivyo.