Bega Rirare

Nilipofungua ukurasa wangu mtandaoni nilikuwa na kibanda cha cherehani Kibondo, na nilitaka kitu kimoja tu: nijulikane kwa mikono ya magauni. Wanawake wengi wa huku huvaa magauni yaliyofura mabegani kwa sababu fundi hakujua kuunga mkono. Mimi nilijua. Nilifundishwa Kasulu na mama mmoja Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, aliyekuwa akifumua kazi yangu bila kusema neno na kunirudishia, mpaka inyooke.

Kijana mmoja aliyekuja kutufundisha wajasiriamali alituambia tujijengee jina. Usijifiche nyuma ya bidhaa, alisema, weka uso wako, ongea kwa sauti yako, watu wakupende wewe kwanza. Nilimwamini. Nikawa naegemeza simu kwenye kopo la vifungo, najirekodi nikikata na kuunga, naeleza kila hatua. Waliokuwa wakitazama hawakuwa wengi, lakini waliuliza maswali ya maana, na wawili watatu walisafiri kutoka Kakonko kuja kushonesha kwangu. Nilikuwa na furaha ambayo sasa naionea aibu.

Kwetu ni Gwarama. Nyumbani tunaongea Kiha, na wengi wetu tukizungumza Kiswahili, l inatoka r. Sikuwahi kulifikiria hilo, maana kila niliyeongea naye alinielewa. Siku hiyo nilikuwa nafundisha namna ya kumalizia mkono. Nikasema, "Mvarishe mteja, umwangarie. Bega rirare. Risiporara, fumua."

Mtu nisiyemjua alikata kipande hicho, akaweka vicheko na ngoma nyuma, akarudia "bega rirare" mara kadhaa. Mchana mmoja simu ikaanza kuita mfululizo. Wafuasi waliongezeka kuliko nilivyowahi kuota, nami nikamwambia jirani yangu muuza sabuni kwamba Mungu amenikumbuka. Kisha nikafungua maoni nikasoma. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za mkono.

Bodaboda wa stendi wakawa wananisalimia kwa maneno hayo. Wanafunzi wakipita kibandani waliyaimba. Dada mmoja alikuja na kitenge kizuri, akaniomba niseme kidogo anirekodi. Nilidhani ni utani wa kuanzia kazi, nikasema. Akacheka mpaka akajifuta machozi, akanishukuru, akaondoka na kitenge chake. Baadaye nilimwona kanisani amevaa gauni alilolishonesha kwa fundi mwingine. Bega limefura.

Vitambaa nilikuwa nanunua Kasulu, kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Tanga. Kiswahili chake ni cha kusikilizwa. Nilipokwenda dukani kwake mara iliyofuata, nilikuta fulana zimetundikwa mlangoni, zimeandikwa BEGA RIRARE kifuani. Alinipa moja bure.

"Fundi, jina lako limetoka," alisema. "Wenzako Dar wanahangaika miaka kulipata jina kama hili."

Nilimwambia hilo si jina langu. Akasema jina ni lile watu wanalokuita. Nilitaka kumjibu, lakini alikuwa ananikopesha vitambaa, na nyuma yangu wateja walikuwa wameshaanza kucheka. Nikaikunja ile fulana nikaitia mfukoni.

Niliipeleka Gwarama, nikakusudia mama aitumie kupangusia. Mama alinyoosha mikono, akaipima, akaivaa juu ya gauni lake. Alikuwa amesikia kwa watu kwamba mwanawe yuko kwenye simu za nchi nzima, akataka aone. Nikamwekea. Alitazama mpaka mwisho, akaniomba nirudie, akasogeza simu karibu na sikio.

"Wanacheka nini hawa?" aliniuliza kwa Kiha. "Si umewaambia bega rirare?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa?"

Ningemwambia nini, kwamba wanacheka kinywa alichonipa yeye? Nilimwambia wamefurahi tu. Jumapili akaenda na fulana ile kanisani, akatembea nayo taratibu ili kila mtu aione.

Yule tajiri wa vitambaa wa Kasulu alinipigia simu baada ya mavuno ya maharage. Alitaka nitangaze duka lake. Nilikwenda, kwa sababu wateja wa kushonesha walikuwa wamepungua na wa kucheka wameongezeka. Aliniweka mbele ya marobota ya kitenge, akaniambia niseme yale maneno. Nikayasema: "Bega lilale." Niliitamka l kwa kuikazia ulimi. Akasema hapana, kama mwanzo. Nikarudia vilevile. Mpiga picha akashusha kamera.

"Dada yangu," tajiri alisema, sasa bila tabasamu, "hiyo kila mtu anaweza kuisema."

Nilimwambia basi amtafute kila mtu, nikatoka nikapanda gari la Kibondo. Tangazo lilitoka hata hivyo. Alimweka msichana mwingine mwenye futi ya kupimia shingoni, anaiga sauti yangu vizuri kuliko nilivyo mimi. Watu wengi wanaamini ndiye fundi mwenyewe.

Ukurasa wangu bado upo. Nikirekodi siku hizi naonyesha mikono tu, siongei, na chini yake watu wanaandika kwamba nimeanza kuringa.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kingine. Nimejifunza kuichunga l kiasi kwamba siwezi tena kuiacha. Juzi nilikuwa napalilia na mama, nikitaka kumwambia kwa Kiha kwamba umurima wetu, yaani shamba, umekauka. Nikasema umulima. Mama alisimamisha jembe akanitazama mdomoni, kama anayetazama kidonda, akaniuliza naongea lugha ya nani.