Msumari Mmoja

Fundi Nyundo aligonga mabati miaka ishirini na tano, mpaka sikio lake la kushoto likagoma kusikia. Alianza na majiko ya kawaida, yale yanayofakamia mkaa kama yametoka jela. Kisha serikali ikaja, ikamfundisha kuyavika udongo ndani ili mkaa wa kiganja kimoja uivishe sufuria nzima. Ikampa na cheti: Rafiki wa Mazingira. Kikatundikwa ukutani mwa karakana, na kila Jumamosi mkewe alikifuta vumbi kama picha ya harusi.

Asubuhi moja bwana mazingira aliingia na karatasi nyingine. Mkaa marufuku, na majiko ya mkaa marufuku.

“Si nyinyi mlionifundisha?”

“Mzee wangu, hiyo ilikuwa sera ya zamani. Sasa ni gesi na umeme.”

“Haya, nifundisheni hiyo gesi.”

“Mafunzo yapo. Ila mwisho miaka arobaini na tano.”

Fundi alikuwa na hamsini na nane, na uani majiko sitini yalikuwa yanakauka udongo. Hakujua amtukane nani.

“Tangazo hili litundikwe mahali pa wazi. Ni sheria,” alisema bwana mazingira.

Ukuta mzima ulikuwa na msumari mmoja. Fundi akalitundika tangazo juu ya cheti.

Jumamosi mkewe alikuja na kitambaa chake. Akalifunua tangazo, akakifuta cheti taratibu, kisha akakifunika tena.