Pilipili ya Msibani

Kwetu huku milimani mwanamke hafiki msibani kimya. Anaanza kulia tangu njiapanda, anapanda kilima akitaja mema ya marehemu, ili waliokaa ndani wajue ni nani anakuja. Na mke wa mtoto wa marehemu ndiye anayetegemewa kulia kuliko wote. Mimi sauti hiyo sikupewa.

Sikuwa bubu. Niliamkia wakubwa, nilijibu nilichoulizwa, basi. Mama mkwe wangu alikuwa mtu mwingine kabisa, aliongea hata na maharage yaliyomo chunguni. Aliniita Gogo. "Gogo letu limeamka? Wee Gogo, moto umezimika, au unangoja kuchipua majani?" Wanawake wa mtoni walicheka, nami nilicheka, maana ilichekesha.

Enzi hizo Ujamaa ulikuwa umepamba moto. Asubuhi tulikwenda shamba la kijiji, na balozi wetu wa nyumba kumi alitaka tulime kwa nyimbo. Jembe lisiloimba, alisema, ni jembe la mpinzani. Wenzangu walilima mstari mmoja, mimi miwili, bado nikaandikwa mvivu. Lakini nimetoka njiani. Nilitaka kusema tu kwamba hata kusoma nilijifunzia huko huko, kisomo cha watu wazima, ndiyo maana mwandiko wangu umelala hivi.

Aliyenipenda nyumba ile ni baba mkwe. Mgosi, ndivyo tunavyomwita mzee mwanamume kwa Kishambaa. Naye alikuwa mkimya. Tulikaa jikoni tukimenya maharage asubuhi nzima, ukungu umejaa mlangoni, bila neno. Halafu anasema, "Leo tumeongea sana, mwanangu." Tunacheka.

Akafa. Nilikuwa nimekwenda kwetu Bungu, binti yangu mchanga mgongoni, habari ikanifuata huko. Nikarudi. Pale njiapanda nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nikapanda kilima nasikia miguu yangu tu.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. "Tazameni! Anakuja kama mtu anayetoka gulioni! Asiyelia anajua alichokifanya."

"Mchawi," mtu akasema ndani, na neno hilo likishatoka halirudi.

Mume wangu alitazama viatu vyake. Balozi akaitwa, akasema Serikali haitambui uchawi, ila mila ni mila: nisipolia niende kwetu, na mtoto abaki kwa baba yake. Mama mkwe alikuwa ameshamfungua mgongoni mwangu. Mtoto akaangua kilio kikubwa, na Mungu anisamehe, nilimwonea wivu.

"Basi tumsaidie," mama mkwe akasema.

Wanawake wawili wakanishika mikono. Akasaga pilipili kichaa, akanipaka machoni kwa kidole gumba, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta. Machozi yakashuka mpaka kifuani. Sauti haikutoka hata hapo.

"Yametoka," akasema balozi. "Amelia." Nikarudishiwa mtoto wangu. Uso wake sikuuona mpaka kesho yake.

Miaka ikapita. Mama mkwe akapooza upande mmoja, na ulimi ukafa. Wa kumhudumia nilikuwa mimi. Nilimwosha, nikamlisha uji, nikamgeuza asipate vidonda, hakuna aliyepata la kunisema. Ila nilimnyima kitu kimoja. Huku mdogo hapiti mbele ya mkubwa bila shikamoo, hata mkubwa akiwa hoi kitandani. Mimi niliacha. Naingia, namnyanyua, namlisha, natoka. Alikuwa ananitazama mdomo. Anangoja. Alipenda maneno kuliko chakula, nami nilijua. Nilijiambia, shikamoo isiyo na marahaba ni ya nini? Uongo mtupu. Nilikuwa namlipa pilipili yake.

Binti yangu alikua na mdomo wa bibi yake, ule ule, anabishana mpaka na kuku. "Mama, mbona bibi humwamkii?" aliniuliza siku moja. Nikamwambia akachote maji.

Bibi alipokufa, binti alikuwa ameshaolewa ng'ambo ya bonde. Tulimsikia tangu njiapanda. Alilia vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia, wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Alitaja matunda ya plamsi ambayo bibi alimfichia kwenye kanga, alitaja hadithi, alitaja matusi ya kuchekesha. Akafika mlangoni.

"Bibi yangu wee! Umekufa bila shikamoo nyumbani mwako! Ulimngoja mkweo akuamkie, bibi wee, hakukuamkia!"

Nyumba nzima ikanigeukia. Macho yangu yalikuwa makavu, na pilipili jikoni ilikuwepo tele, lakini hakuna aliyeinuka kuifuata. Siku ya mgosi walinitazama hivyo hivyo, wakasema nina hatia, wakakosea. Safari hii hawakusema kitu, wala hawakukosea.

Ningeweza kujitetea. Watu hujitetea msibani, nimewaona. Nilisogea tu kwenye mkeka, nikaacha nafasi. Binti yangu akaja akaketi hapo, bega lake kwenye bega langu, akaendelea kulia kwa sauti ile ya bibi yake, ananitaja na kunitaja. Sikumwambia anyamaze.